Bendera Haitungi Shairi

Lugha yetu imejaliwa kiambishi cha majuto. Tukisema "angekuja," bado tumeuacha mlango wazi kidogo. Tukisema "angalikuja," tumekwisha kuufunga, na aliyetarajiwa hatakuja tena. Najua kwamba wasemaji wengi wa leo huvichanganya viambishi hivi viwili bila kujali, na wapo wajuzi wa sarufi wanaoona kwamba tofauti hiyo haikuwahi kuwa imara kama vitabu vya shule vinavyodai. Sitaki kuufufua ugomvi huo hapa. Nakihitaji -ngali- katika maana yake ya kale, kwa kuwa ndicho kinachoibeba hoja ninayokusudia kuipinga.

Hoja yenyewe husemwa hivi: laiti mataifa madogo ya Ulaya yangalibaki huru, lugha zao zingalisalimika. Bretagne ingalibaki na mtawala wake, na Kibretoni kingalikuwa lugha ya mahakama na vyuo. Uskoti ingalibaki na mfalme wake, na Kigaeli kingalisikika bungeni Edinburgh. Katalonia ingalibaki na sheria zake. Kusini mwa Ufaransa kungalikuwa na dola ya Toulouse, na Kiokitani, lugha ya watrubaduri, wale washairi waimbaji wa karne ya 12 na ya 13, kingalisomwa leo kama kisomwavyo Kiitalia. Nimeisikia hoja hii mara nyingi mno katika mabaraza ya wapenda lugha, na karibu kila mara hutolewa kwa sauti ya huruma. Kisha msemaji huiacha Ulaya akatugeukia sisi: mwaona, lugha isiyo na dola ni yatima, basi mtunzi ana kosa gani? Hapo huruma hugeuka udhuru, nami ndipo ninapokataa.

Nasema kwamba historia hii ya -ngali-, ikipimwa kwa mambo yaliyotukia, haisimami. Dola ndogo kadhaa za Ulaya zilizidharau lugha za watu wake zikiwa bado huru, kabla mvamizi hajabisha hodi. Na miongoni mwa lugha zilizosalimika, zimo zilizookolewa na watu wasiokuwa na dola yoyote, wengi wao wakiwa watunzi.

Tuanze na Bretagne, maana ndiyo hupenda kutajwa kwanza. Jeshi lake lilishindwa na Wafaransa huko Saint-Aubin-du-Cormier mwaka 1488, na mwaka 1532 nchi ikaunganishwa rasmi na ufalme wa Ufaransa. Waotaji husema: hapo ndipo Kibretoni kilipouawa. Lakini mtawala wa mwisho anayetajwa kuwa alikizungumza Kibretoni ni Alan wa Nne, aliyefariki mwaka 1119. Kati ya kifo chake na vita vile ipo miaka karibu 370 ya kujitawala, na katika muda wote huo watawala wa Bretagne waliandika hati zao kwa Kilatini na Kifaransa. Miji yao mikuu, Nantes na Rennes, ilikuwa mashariki, ambako watu hawakusema Kibretoni. Kibretoni kilikuwa magharibi, kwa wakulima, wavuvi na mapadri wa vijijini. Kamusi yake ya kwanza, iliyotungwa na Jehan Lagadeuc mwaka 1464 na kupigwa chapa mwaka 1499, ilikuwa ya lugha tatu, Kibretoni, Kifaransa na Kilatini, na ilikusudiwa kuwasaidia vijana waliotaka kujifunza Kilatini ili wawe makasisi. Dola huru ilikuwa na karne tatu na nusu za kukiinua Kibretoni, na haikukiinua hata kwa barua moja ya kudai kodi.

Nao watunzi wa Kibretoni walikuwapo! Mashairi ya Kibretoni cha kale yana vina vya ndani vya ajabu: silabi iliyo ya pili kutoka mwisho wa mshororo hulazimika kuoana na silabi nyingine ndani ya mshororo uleule. Mtu aliyelelewa katika ukwapi na utao atawatambua watu hawa kuwa ni ndugu zake wa kazi. Utenzi wao wa dini ulitungwa na kuigizwa mbele ya watu. Hilo ndilo lililokipa Kibretoni pumzi, wala halikutoka Nantes.

Uskoti ni mfano mchungu zaidi. Muungano wake na Uingereza, ule wa mabunge, ulikuwa mwaka 1707, na kwa waotaji mwaka huo ni kama kaburi. Lakini mwaka 1609 machifu wa visiwa vya magharibi walitiwa saini masharti huko Iona, na mojawapo lilikuwa kwamba mwenye mali ampeleke mtoto wake akasome Kiingereza katika nyanda za chini. Mwaka 1616 Baraza la Mfalme la Uskoti yenyewe likaamuru shule zianzishwe kila parokia ili Kiingereza kienezwe na Kigaeli kitokomezwe. Ni kweli kwamba mfalme alikuwa amekwisha kuhamia London tangu 1603. Lakini baraza lilikuwa la Waskoti, lilikaa Uskoti, na bunge la Edinburgh lilikuwa na miaka 91 zaidi ya kuishi. Waliotaka Kigaeli kife walikuwa wenye nchi. Walikiona kuwa lugha ya washenzi wa milimani.

Venice nayo sitaipita kimya. Ilikuwa jamhuri huru, tajiri, yenye majeshi ya baharini yaliyoogopwa, hadi Napoléon alipoimaliza mwaka 1797. Hakuna mji katika Ulaya uliokuwa na nguvu zaidi ya kuifanya lahaja yake kuwa lugha ya fasihi. Lakini aliyeandika kitabu kilichowashawishi waandishi wa Italia kufuata Kitoskana cha Petrarca na Boccaccio alikuwa Pietro Bembo, mwana wa mtukufu wa Venice, na kitabu chake kilipigwa chapa Venice mwaka 1525. Hakuna aliyemshikia upanga.

Sasa nije Toulouse, ambako hadithi ya -ngali- ni tamu kuliko mahali pengine pote. Tarehe 12 Septemba 1213, kwenye uwanda wa Muret karibu na mji huo, mfalme Pere wa Aragon, aliyekuwa pia mtawala wa Barcelona, aliuawa vitani dhidi ya jeshi la Simon de Montfort. Mfalme huyo alikuwa amekuja kumsaidia Raymond wa Toulouse katika ile vita ya msalaba iliyotangazwa dhidi ya wazushi wa kusini. Waotaji husema: laiti mfalme angalinusurika siku ile, kungalizuka dola moja kutoka Barcelona hadi Toulouse na Provence, na lugha ya watrubaduri ingalikuwa lugha ya dola kuu. Nakiri kwamba moyo wangu pia hupiga kidogo niisomapo habari hiyo. Lakini tuulize: watrubaduri walikuwa raia wa dola gani? Hawakuwa na moja. Walitunga Aquitaine, Provence, Katalonia na Italia ya kaskazini. Sordello alizaliwa karibu na Mantova, akatunga kwa Kiokitani. Ramon Vidal, aliyeandika mojawapo ya vitabu vya mwanzo vya kufafanua sarufi ya lugha hiyo, alikuwa mtu wa Besalú, katika Katalonia. Kiokitani kilikuwa lugha ya utunzi iliyovuka mipaka, kama Kiamu kilivyokuwa kwa watunzi wetu wa zamani: mtu wa kwingine alikitumia kwa kuwa tenzi zilikuwa zimekizoea, bila kuulizwa kodi yake huilipa kwa nani.

Kisha tazama kilichofuata. Toulouse iliingia mikononi mwa taji la Ufaransa mwaka 1271. Kwa hoja ya waotaji, utunzi ulipaswa kuzikwa hapo. Lakini mwaka 1323, miaka 52 baadaye, wenyeji saba wa mji huo walikutana na kuwaandikia watunzi wote wa nchi za Kiokitani barua ya kuwaalika kwenye shindano. Mei 1324 zawadi ya kwanza, ua la zambarau lililofuliwa kwa dhahabu, ilitolewa kwa Arnaut Vidal wa Castelnaudary. Baadaye Guilhem Molinier akaikusanya elimu ya arudhi na sarufi yao katika kitabu kikubwa kiitwacho Leys d'Amors, yaani sheria za mapenzi. Watu saba, ua moja na kitabu kimoja cha kanuni. Dola haikuwapo.

Na lugha hiyo ilipotoka katika shindano lile, ilitokaje? Waotaji hutaja upesi amri ya Villers-Cotterêts ya mwaka 1539, iliyoamuru hati za mahakama na za serikali ziandikwe kwa Kifaransa. Naam, amri hiyo ni ya kweli na ilikuwa na makali. Lakini haikusema neno juu ya mashairi. Hakuna askari aliyeingia barazani Toulouse kuangalia kama beti zimetungwa kwa Kiokitani. Ni waamuzi wenyewe, katika karne ileile ya 16, waliojiita chuo cha balagha na kuanza kuzawadia Kifaransa, kwa sababu Kifaransa kilikuwa lugha ya watu wakubwa nao walitaka kuwa wakubwa. Nyumba iliyojengwa na watunzi ilikabidhiwa na watunzi. Mfalme Louis wa Kumi na Nne alipoipa hadhi ya akademia mwaka 1694, alikuwa akipamba mlango ambao ufunguo wake alikwisha kupewa zamani.

Hili ndilo linalonikera katika historia ya -ngali-: hupita juu ya watu hawa. Huona mfalme aliyekufa Muret, haimwoni mwamuzi wa mashairi aliyehama.

Katalonia inalithibitisha jambo hili kutoka pande zote mbili. Karne ya 15 ilikuwa karne ya Ausiàs March, mtunzi mkuu wa lugha ile, mzaliwa wa upande wa Valencia. Baada yake likaja giza ambalo Wakatalani wenyewe huliita kuporomoka. Lini? Waotaji watakujibu ni baada ya tarehe 11 Septemba 1714, Barcelona ilipoanguka, na baada ya amri ya mwaka 1716 iliyofuta taasisi za Katalonia. La. Joan Boscà, mzaliwa wa Barcelona, alitunga mashairi yake kwa Kihispania, na diwani yake ilipigwa chapa Barcelona mwaka 1543, wakati Katalonia bado ina sheria zake, baraza lake na Generalitat yake. Alikuwa mtu wa jumba la kifalme, na jumba lilisema Kihispania. Kwa miaka zaidi ya 170 baada ya Boscà, taasisi zilisimama huku ushairi wa juu ukinyauka. Na ushairi ulifufuka lini? Mwaka 1833, kwa shairi moja la Aribau, karani aliyekuwa akiishi Madrid. Mwaka 1859, shindano la kale la Barcelona liliporudishwa. Mwaka 1877, padri mmoja mgonjwa aliyekuwa akihudumu melini, Jacint Verdaguer, alipoleta utenzi wake wa Atlantiki na kuzawadiwa. Pompeu Fabra alitoa sarufi mwaka 1918 na kamusi mwaka 1932. Hayo yote yalifanyika bila nchi huru. Franco alipokifukuza Kikatalani shuleni na ofisini kuanzia 1939, alikikuta kina kamusi, kina diwani, kina watu walioona haya kukiacha. Alikijeruhi sana, lakini hakukimaliza.

Nafika sasa kwa Welisi, na hapa nitakaa, kwa sababu sijui watu wengine wa Ulaya wanaopaswa kutuvutia zaidi sisi watu wa vina na mizani. Llywelyn, mtawala wao wa mwisho aliyetambuliwa, aliuawa tarehe 11 Desemba 1282. Mwaka 1536 sheria ya London iliamuru kwamba asiyetumia Kiingereza asishike wadhifa wowote. Katika orodha ya nchi zilizomezwa, Welisi ilimezwa mapema kuliko karibu zote. Kwa kanuni ya waotaji, lugha yake ingalikuwa imekufa kabla ya Kibretoni, kabla ya Kigaeli, kabla ya Kieire cha Ireland. Lakini sensa ya mwaka 2021 iliwahesabu wasemaji wa Kiwelisi wapatao 538,000, yaani asilimia 17.8 ya watu wa nchi. Si wengi, na wamepungua. Hata hivyo, hakuna lugha nyingine ya jamaa yake yenye uhai wa kila siku kama huo.

Waliokoka vipi? Kwanza kwa kitabu: William Morgan alikamilisha tafsiri ya Biblia nzima mwaka 1588, akitumia lugha ambayo malenga walikuwa wameinoa kwa karne nyingi. Kejeli ni kwamba tafsiri hiyo iliamriwa na bunge lilelile la London, mwaka 1563, kwa hofu ya kwamba Wawelisi wangebaki Wakatoliki. Bunge la Uskoti huru halikumfanyia Mgaeli hisani hiyo. Pili kwa shindano. Wawelisi hushindania kiti. Inasimuliwa kwamba mwaka 1176 Rhys ap Gruffydd aliita mashindano huko Cardigan na kuwapa viti mshairi bora na mpiga muziki bora. Katikati ya karne ya 15, nchi ikiwa imekwisha kupoteza uhuru wake, malenga walikutana Carmarthen wakaweka sawa bahari zao 24. Ndiyo, 24, na kila moja yahitaji kile wanachokiita cynghanedd. Kanuni yake, kwa kifupi: mshororo hugawanywa vipande viwili, na konsonanti za kipande cha kwanza hurudi kwa mpangilio uleule katika kipande cha pili huku irabu zikibadilika. Ni kana kwamba mtunzi aliyetia "bahari" katika ukwapi angelazimika kutia "buheri" katika utao, na hivyo hivyo kwa kila mshororo, pasipo kupoteza maana. Zipo aina nyingine zinazoongeza vina vya ndani. Shairi lao fupi, englyn, lina mizani 30 katika mishororo minne, 10, 6, 7 na 7, na yote sharti itii kanuni hiyo. Wanaolalamika kwamba vina na mizani vinawafunga mikono wajaribu hilo wiki moja.

Mwaka 1917 shindano la taifa lilifanyika Birkenhead, mji ulio ndani ya Uingereza yenyewe. Mshindi wa kiti alikuwa ametuma shairi lake kwa jina la kificho. Jina likaitwa, asisimame mtu. Likaitwa tena, na tena. Ndipo ikatangazwa kwamba mwenye shairi, mchungaji wa kondoo kutoka Trawsfynydd aliyejiita Hedd Wyn, aliuawa vitani Ubelgiji tarehe 31 Julai. Kiti kikafunikwa kitambaa cheusi. Miongoni mwa waliohudhuria alikuwa David Lloyd George, Waziri Mkuu wa Uingereza, ambaye lugha yake ya utotoni ilikuwa Kiwelisi. Fikirini: mchungaji aliyeacha shule akiwa na umri wa miaka 14, akifia bendera isiyokuwa yake, alikuwa na mahali pa kupeleka shairi refu la bahari za kale, na waamuzi wa kulipima, na umma wa kulililia. Tangu 1979 redio yao imekuwa ikiendesha shindano la timu za watunzi, ambapo mwalimu, mkulima na mwanasheria hupimana beti hewani. Nani kati yetu anaweza kusema kwamba dola yake huru imempatia kitu kama hicho?

Nasikia mtu akisema: vipi kuhusu kile kibao? Katika shule za Welisi za karne ya 19, mtoto aliyesema Kiwelisi alivishwa kipande cha mti shingoni, akakiondoa kwa kumsaliti mwenzake. Bretagne walitumia hata kiatu cha mti. Ni kweli, na ni unyama. Lakini hapakuwa na sheria ya London iliyokiamuru kibao cha Welisi. Kilitumiwa na walimu, wengi wao Wawelisi, mara nyingi kwa idhini ya wazazi waliodhani wanawafungulia watoto njia ya kazi. Na msomaji wa Kenya hahitaji kwenda Welisi kukiona kibao hicho. Alivishwa yeye, au alivishwa mzazi wake, na wengi walivishwa baada ya 1963, katika nchi huru, chini ya bendera huru, kwa kosa la kusema lugha ya mama. Hapo -ngali- ina lipi la kusema?

Kisha ipo Ireland, ambako ndoto ilipata kutimia. Dola ilizaliwa mwaka 1922. Katiba ya 1937 ikakitangaza Kieire kuwa lugha rasmi ya kwanza. Shule zote zikakifundisha kwa lazima. Sensa ya mwaka 2022 inasema watu wapatao milioni 1.87 wana uwezo wa kukisema. Wanaokisema kila siku nje ya masomo ni 71,968. Nitakuwa mdhalimu nisipokumbusha kwamba njaa kuu iliyoanza mwaka 1845 na uhamaji uliofuata vilikwisha kuzikumba hasa wilaya za wasemaji wa lugha hiyo; dola ilimpokea mgonjwa aliye mahututi. Lakini ilikuwa na miaka mia moja, hazina, wizara, redio na jeshi la walimu. Kitu ambacho dola haikuweza kukiamuru ni watu wawili kukutana dukani na kuona kwamba Kieire ndicho kinachofaa.

Hapa sharti niwe mwaminifu, maana wapinzani wangu wanayo silaha moja nzuri na sitajifanya siioni. Ni Ureno. Katika karne ya 13, Ureno na Galisia zilikuwa na lugha moja ya ushairi. Ureno ilikuwa imetambuliwa kuwa ufalme mwaka 1143. Galisia ikabaki chini ya taji la León na Kastilia. Leo Kireno kinazungumzwa katika mabara kadhaa, na Kigalisia kilipita karne nyingi ambazo Wagalisia wenyewe huziita za giza, hadi Rosalía de Castro alipokirudisha vitabuni mwaka 1863. Shina moja, matawi mawili, moja na dola na moja bila dola. Sina jibu la kulifuta jambo hili. Naweza tu kuuliza dola hiyo ilifanya nini. Ilikuwa na Dinis, aliyetawala kuanzia 1279 hadi 1325, mfalme aliyeacha nyimbo zaidi ya mia moja za utunzi wake mwenyewe na ambaye ofisi yake iliandika kwa Kireno. Béarn nayo, nchi ndogo chini ya milima ya Pyrénées, iliandika sheria zake kwa lugha ya watu wake hadi ilipomezwa mwaka 1620. Basi nakubali: dola inayoandika kwa lugha ya watu huisaidia lugha hiyo sana. Ila dola kama hizo ni chache, na uhuru peke yake hauzizai. Luxemburg ilipata mipaka yake ya sasa mwaka 1839, ikangoja hadi 1984 ndipo ikaitaja lugha yake katika sheria. Kimalta kilipewa urasmi mwaka 1934, Malta ikiwa bado koloni, kwa sababu Mwingereza alitaka kukifukuza Kiitalia mahakamani.

Na ushindi wa Ureno una bei ambayo hadithi ya -ngali- haitaji. Taifa dogo lililosalimika halikubaki dogo wala halikubaki pole. Nenda kisiwa cha Ibo na pwani ya Cabo Delgado, kwa wasemaji wa Kimwani, binamu wa lugha yetu; waulize kuhusu lugha ya mahakama na ya mitihani. Ni ileile ya mfalme Dinis. Waotaji huidhania Ulaya ya mataifa madogo kuwa bustani ya lugha. Ingaliweza vilevile kuwa Ulaya ya dola arobaini, kila moja na meli zake.

Nao upande wa kwetu wa ndoto hii nitaugusa kwa uchache. Wapo wasemao kwamba laiti Mombasa isingalianguka mikononi mwa Seyyid Said mwaka 1837, Kimvita kingalikuwa Kiswahili sanifu badala ya Kiunguja, na Muyaka bin Haji angalikuwa mtunzi wa shule zote. Sijui kama Wamazrui wangalijenga shule. Najua kwamba Muyaka alifariki karibu na mwaka 1840, dola aliyoitungia ikiwa imekwisha, na kwamba beti zake zilikaa vifuani mwa watu wa mjini hadi Mwalimu Sikujua bin Abdallah alipozitafuta, akazikusanya na kuzieleza, zikapata kuandikwa. Ngome ya Mombasa haikuhifadhi hata ubeti mmoja.

Mtaniuliza kama basi nawatetea walioshinda Muret na Saint-Aubin. Hasha. Nchi iliyotekwa imedhulumiwa, na mtoto aliyevishwa kiatu cha mti shingoni amedhulumiwa. Kama ningepewa uwezo wa kurudi nyuma na kuigeuza siku moja ya mwaka 1488, huenda ningeigeuza, kwa ajili ya waliouawa uwanjani. Lakini kesho yake asubuhi ningefunga safari hadi Nantes, nikaomba kuonana na mtawala, nikamuuliza barua zake anaziandika kwa lugha gani.